Mchwa Ndani ya Mkeka

Tuseme mapema ili tusipotezeane muda: mjinga wa siku hiyo alikuwa Mchwa mwenyewe.

Si adui. Si mkurugenzi. Wala si mlinzi wa getini aliyesinzia na redio kifuani. Mchwa, jasusi aliyefuzu, mwenye bastola ya Beretta kiunoni na saa ya Casio mkononi, mtu aliyewahi kutoka ndani ya ubalozi akiwa amebebwa kwenye kabati la nguo. Siku hiyo aliuziwa mbuzi kwenye gunia, akalibeba gunia mwenyewe, na njiani akawa anapiga mluzi.

Simu iliita asubuhi akiwa stoo anakunja nyaya.

"Chai imechemka?"

"Inafurika, Kiranja."

"Ipue."

Ikakatika.

Kiranja alikuwa mkuu wake wa kikosi, mtu mchoyo wa maneno. Mchwa alivua koti la bluu la mtunza stoo, akalitundika kwenye msumari, akapanda ngazi mbili mbili. Kwa miezi mingi alikuwa amevaa koti lile, na jengo zima likimwita Stoo. Sasa kazi ilikuwa imeiva.

Ghorofani, Shangazi alikuwa mezani kwake, miwani juu ya paji la uso, kikombe cha chai mkononi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Alikuwa mhandisi mkuu wa mradi wa kompyuta. Waliomwita hivyo walikuwa na sababu: alikuwa akikugombeza kwanza, halafu anakulisha.

"Stoo, mwanangu," alisema bila kugeuka, "hebu njoo unitazamie. Hiki kioo bado cheusi, au macho yangu ndiyo yamefunga ofisi?"

"Simama, mama. Mikono juu ya meza."

Aligeuka. Akaziona pingu. Akaiona Beretta.

Kisha akafanya jambo ambalo Mchwa hakuwahi kufanyiwa na mtuhumiwa yeyote. Alikiweka kikombe chini taratibu, kisimwagikie karatasi za watu, ndipo akanyoosha mikono.

Mchwa alimfunga pingu. Akachukua kompyuta yake, ThinkPad. Akamvua shingoni kile kifunguo kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, muhuri ambao bila huo hakuna toleo lolote la programu lililoruhusiwa kutoka nje ya jengo lile. Vyote akavitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Kosa langu nini?" Shangazi aliuliza.

"Kuuza nchi."



*

Hadithi ya kosa lenyewe ilikuwa hivi.

Serikali ilikuwa na mfumo wake wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, ukaitwa Mkeka, kwa sababu kila mtu angeweza kuukalia. Uliishi raha mustarehe kwenye kompyuta kubwa za zamani, zile zinazonguruma kama mashine ya kusaga. Lakini kompyuta zile zilikuwa zimezeeka, na zahanati nyingi hazikuwa na umeme wa kuzilisha. Zikanunuliwa badala yake kompyuta ndogo zenye chipu za ARM, viboksi vya kutosha kiganjani, vinavyoridhika na sola. Vikasambazwa zahanati zote. Vikakaa mezani, vikasubiri.

Tatizo: Mkeka haukujua kuishi humo.

Kuuhamisha ilikuwa kazi ya Shangazi. Nani alikwambia ni kunakili tu? Kompyuta kubwa ukiiwasha inajitambulisha yenyewe: nina hiki, nina kile, sauti inatokea huku. Kiboksi cha ARM ni mgeni bubu. Hakisemi kitu. Lazima mtu akae na kila waya wake, akiandikie mfumo ramani nzima: hapa pana taa, hapa pana sauti, hapa ndipo moto unapopita. Shangazi aliziandika ramani hizo moja baada ya moja. Sauti ikatoka. Mtandao ukashika. Kikabaki kioo. Waliotengeneza chipu ya kuchora skrini walificha siri zake, naye alikuwa anazifumbua kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Na aliyekuwa akimpimia viboksi ni nani? Stoo.

"Cheusi, Shangazi."

"Cheusi vipi?"

"Kama roho ya mwenye nyumba."

Shangazi alikuwa akicheka, anamsukumia kikombe cha pili, anarudi kazini.

Lakini kila siku, kazi aliyoifanya alikuwa anaituma nje. Nje ya nchi. Kwa watu asiowahi kuonana nao, wenye majina magumu, nao wakimjibu, wakimkosoa, wakimtumia za kwao. Mchwa aliyaona haya na damu ikamwenda mbio. Chini ya kila kipande Shangazi aliandika jina lake kamili na anwani. Mtu mwenye akili angejiuliza: jasusi gani anayetia sahihi? Mchwa alijiuliza. Akajijibu: jasusi mjanja kupindukia.

Kumbe Linux ndivyo ilivyo. Ni shamba la wote. Ukilima kipande chako unawaonyesha wenzako, nao wanakung'olea magugu. Jambo hilo limeandikwa kila mahali. Idara ya Mchwa haisomi yaliyoandikwa kila mahali. Inasoma ya siri tu.

Ndipo kikaja kidokezo, bila jina. Picha ya skrini ya Shangazi: barua inakwenda ng'ambo, kazi ya serikali imeambatishwa, na nyuma ya barua mchoro wa mkeka wa kijani na zambarau.

Kiranja akasema inatosha.

*

Shangazi alipoondolewa, Mkurugenzi alitoka ofisini kwake akiwa amelowa jasho mpaka tai.

"Leo!" alilia. "Leo ndiyo siku ya uzinduzi! Waziri yuko njiani, vioo ni vyeusi nchi nzima, na nyie mnanikamatia fundi!"

"Mheshimiwa, usalama wa nchi..."

"Usalama utawasha kioo?"

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Mshauri.

Huyu alikuwa mgeni wa shirika moja la misaada ya teknolojia. Suti ya kitani, viatu vya ngozi laini, Kiswahili kitamu kuliko cha wenye nacho. Alikuwa mtu wa kuinama akisalimia.

"Nimesikia, Mheshimiwa. Poleni sana." Akatoa flashi mfukoni. "Sisi tuna programu ya kuwasha skrini ya viboksi hivi. Imefungwa, huwezi kuona ndani yake, lakini inafanya kazi. Ni zawadi. Bure kabisa."

Bure! Mkurugenzi nusura ambusu.

Wakaichomeka. Kiboksi kikalia kidogo, kikanyamaza, halafu kioo kikafunguka kama alfajiri: kijani, zambarau, mkeka umetandikwa. Ofisi ikapiga makofi. Mchwa naye akapiga. Ndiyo, alipiga makofi, tena alikuwa wa mwisho kuacha.

"Bado muhuri," Mkurugenzi alisema. "Bila ufunguo wa yule mama viboksi havitapokea kitu."

Mchwa alifungua mfuko wa ushahidi. Akautoa ufunguo. Namba yake ya siri alikuwa ameshaichungulia begani kwa Shangazi mara nyingi, akijifanya anapanga nyaya chini ya meza.

"Kwa ajili ya nchi," alisema, akaiandika yeye mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe.

Wakateremka ukumbini. Waziri akabonyeza kitufe chekundu. Kamera zikamulika. Zahanati baada ya zahanati, toleo jipya likaanza kusafiri.

Kwenye ukuta wa ukumbi ukatokea mkeka mkubwa wa kijani na zambarau.

Mchwa aliutazama akitabasamu.

Halafu tabasamu likamfia mdomoni.

Mchoro ule ulitengenezwa kwa ajili ya viboksi tu, na miezi yote ile yeye ndiye aliyekuwa anapima vioo vyake, na vyote vilikuwa vyeusi. Sasa yule mkeka wa kwenye picha ya kidokezo ulionekana wapi? Akaifungua picha kwenye simu. Akaivuta karibu. Hakuna ukingo wa kioo. Hakuna mng'ao wa taa, hakuna alama ya kidole. Picha ile haikupigwa na simu ya mtu. Ilipigwa kutoka ndani ya kiboksi chenyewe.

Alimshika mkono Kipara, msaidizi wa Shangazi, aliyekuwa amesimama nyuma ya ukumbi na macho mekundu.

"Huu mchoro uliwahi kuonekana kwenye kiboksi kabla ya leo?"

"Niachie."

"Nijibu, kaka. Tafadhali."

"Siku moja tu, ulipokwenda kupokea mzigo wa nyaya. Mshauri alileta programu yake tuijaribu. Shangazi aliitumia mchana ule, akaandikia na barua zake humo humo, jioni akaitoa. Alisema kitu kilichoshonwa mdomo hakilali nyumbani kwake." Kipara akamtazama juu hadi chini. "Kwani nyie wapelelezi hamuulizi kabla ya kukamata?"

Mchwa aligeuka. Kiti cha Mshauri kilikuwa kitupu.

*

"Kiranja, hapa Mchwa. Tumemkamata mtu siye."

"Rudia."

"Siye! Aliyetuma kidokezo ndiye mwizi mwenyewe. Alitaka Shangazi aondoke mlangoni, na sisi tukamwondolea."

Redio ikakoroma.

"Waziri amekaa mstari wa mbele, Mchwa. Anakula karanga."

"Sumu imeshatoka, mkuu. Inakwenda zahanati zote."

"Nani kaifungulia?"

Mchwa alitazama dari.

"Mimi."

 

"Basi kaifunge."

Mchwa aliuchomoa ufunguo kwenye kompyuta ya ukumbini, mbele ya Mkurugenzi aliyekuwa anapigwa picha na meno yote nje. Akaruka na mfuko wa ushahidi ndani ya Land Cruiser. Taa nyekundu hakuziona. Ya kijani pia hakuiona. Muuza matunda mmoja alimtaja mama yake mzazi kwa sauti ya kusikika.

Kituo cha mahabusu. Korido yenye harufu ya dawa ya sakafu. Chumba cha mahojiano: meza ya chuma, viti viwili, taa inayopepesa.

"Shangazi."

"Mimi ni mtuhumiwa. Shangazi yako yuko kwenu."

Mchwa alilimeza hilo. Akamweleza yote, haraka, bila kujipamba. Shangazi alisikiliza akiwa amefumba macho. Mchwa alipofika kwenye ile namba ya siri, mama yule alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jino lake limeoza na alikuwa analijua.

"Programu ya skrini inaona kila kinachopita kwenye kioo," alisema. "Muuguzi akifungua faili la mgonjwa, wao wanasoma naye. Mimba za nani. Virusi vya nani. Nani ana wazimu na nani amepewa dawa gani. Jaji, jenerali, huyo Waziri wako wa karanga. Kesho wanawapigia simu mmoja mmoja. Nchi nzima itashikwa masikio."

"Kuna njia?"

"Ipo."

"Niambie."

"Nikwambie wewe?"

Taa ikapepesa. Mchwa alizifungua pingu, akaweka ThinkPad mezani, akaweka na ufunguo juu yake. Hakuagizwa na mtu. 

Shangazi alijisugua viganja.

"Kiboksi kikimaliza kupokea toleo jipya kinajizima, kinajiwasha tena. Kabla skrini haijaamka, kinauliza nyumbani: niendelee, au nirudi nilikotoka? Wakati huo sumu bado imelala. Nilikiweka kiulizo hicho kwa sababu siwaamini wakubwa wenye haraka."

"Nani anakijibu?"

"Ufunguo huu. Na namba nyingine, ambayo hukuwahi kuichungulia." Alikuwa tayari anaandika. "Zahanati za mbali bado zinapokea, mtandao wao unatambaa. Za hapa mjini zimeshaamka baadhi. Hizo wapigie simu wachomoe umeme, hakuna uchawi mwingine."

Mchwa alinyakua redio. "Kiranja! Zahanati za mjini zichomoe viboksi. Sasa hivi. Waambie ni shoti ya umeme, waambie ni mashetani, waambie chochote."

"Nimekupata."

Vidole vya Shangazi vilisimama juu ya kitufe cha mwisho.

"Unajua nikibonyeza hapa kinatokea nini?"

"Sumu inakufa."

"Na vioo vyote vinarudi kuwa vyeusi. Mbele ya Waziri na kamera zake. Wataulizana nani kazima. Watakuta ni ufunguo wangu, na mimi niko korokoroni." Alishusha pumzi. "Mkeka umekufa leo, kijana. Hakuna atakayeutandika tena. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana. Wenzangu wa ng'ambo juzi tu walinionyesha kosa langu lilipo."

"Nitawaambia ukweli."

Shangazi alimtazama, akacheka. Kicheko kikavu, cha kukwaruza.

"Wewe?"

Akabonyeza.

*

Ukumbini, mkeka wa kijani na zambarau ulikunjwa na giza. Waziri aliacha kutafuna.

Na kwenye maegesho ya nyuma ya hoteli kubwa, alikofikia Mshauri, Mercedes ya rangi ya fedha iliwashwa.

Mshauri alikuwa na pasipoti mfukoni na begi la kompyuta kifuani. Aliingiza gia. Akatazama kioo cha nyuma. Akaona pua ya Land Cruiser imeziba njia.

Akakanyaga mafuta. Mercedes ikaruka mbele, ikapanda ukingo wa bustani, ikang'oa ua wa maua, ikanasa kwenye chemchemi ya urembo. Maji yakarukia juu ya kioo.

Mchwa alitembea. Hakukimbia, siku hiyo alikuwa ameshakimbia vya kutosha kuelekea upande usio wake.

Dirisha likashuka. Mkono wa Mshauri ukatoka na bastola ndogo.

Pa!

Risasi ilipita karibu na sikio. Mchwa aliinama, akaubamiza ule mkono kwenye fremu ya dirisha, mara moja, kwa nguvu. Mfupa ukasema. Bastola ikaanguka majini. Mkono mwingine wa Mshauri ulikuwa unatafuta kitufe pembeni mwa kompyuta, kile cha kufuta kila kitu.

Beretta ikamgusa shavu.

"Jaribu."

Mkono ukatulia.

"Utanishtaki kwa lipi?" Mshauri alisema akihema, bado kwa Kiswahili kile kitamu. "Nimetoa zawadi. Muhuri umetia wewe. Nyie wenyewe mlinifungulia mlango, mkanipigia makofi."

Kweli ina kisu. Mchwa alimtoa garini kwa ukosi wa suti ya kitani, akamlaza juu ya boneti iliyolowa, akamfunga zile pingu zilizokuwa asubuhi mikononi mwa mtu asiye na hatia.

"Kiranja, hapa Mchwa. Mzigo uko mkononi. Na kompyuta yake nzima."

"Safi. Umeokoa nchi."

Mchwa aliizima redio.

*

Ripoti iliandikwa jioni ile, na Kiranja ndiye aliyeiandika.

Ilisema Idara ilimfuatilia Mshauri tangu mwanzo. Ilisema kuzimwa kwa viboksi kulikuwa hatua ya Idara. Kuhusu Shangazi ilisema: ameachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.

"Wa kutosha?" Mchwa aliuliza. "Hakukuwa na ushahidi wowote, mkuu. Mama yule ndiye aliyezima."

"Idara haikosei, Mchwa. Ikikosea, nani atatuamini kesho?"

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi kama nani?" Kiranja alisukuma karatasi mbele yake. "Saini hapa. Jina la kazi linatosha."

Mchwa alishika kalamu. Alifikiria kuivunja. Akafikiria na kazi nyingine anayoiweza, asiione.

Akasaini.

Mradi ukafungwa kesho yake. Mkurugenzi aliwaambia waandishi kwamba chipu zile hazifai kwa hali ya hewa yetu. Viboksi vikaanza kurudishwa kwa maboksi, vikapangwa stoo, na stoo haikuwa na mtu.

Mchwa alimkuta Shangazi kwenye geti la nyuma, siku alipokuja kuchukua vitu vyake. Kikombe, sweta, miwani ya akiba, vyote ndani ya mfuko wa plastiki. Mlinzi alikuwa ameambiwa ampekue, naye alipekua akiangalia pembeni kwa aibu. Mchwa alivaa miwani ya jua na jaketi jeusi, akaegemea ukuta mpaka mlinzi alipomaliza.

"Nikupeleke nyumbani," alisema.

"Miguu ninayo."

"Shangazi, sikiliza. Nilikuwa kazini. Ungekuwa wewe, ungeona mtu anatuma kazi ya serikali nje kila siku, ungefikiri nini?"

"Ningemuuliza. Nilikuwa nakaa naye meza moja, nakunywa naye chai."

"Kazi yetu hatuulizi."

"Ndiyo maana hamjui kitu."

"Lakini yule mtu tumemkamata! Faili za wagonjwa ziko salama. Wewe na mimi ndio tuliofanya vile."

"Kwenye ripoti iko hivyo?"

Mchwa alivua miwani ya jua. Bila miwani alionekana kama mtu ambaye hajalala.

"Haiko hivyo," alisema. "Nilisaini. Najua nilichokufanyia. Sina cha kukupa, ila nakuomba unisamehe."

Shangazi alihamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Alimtazama kwa muda, bila hasira, vile alivyokuwa akikitazama kioo kilichokataa kuwaka.

"Nimsamehe nani?" aliuliza. "Stoo hayupo, na wewe sikujui."